Kupanga kipindi kirefu cha jioni: tunavyofanya kwenye darasa letu la kuprogramu, Ngamiani

Naandika hii kwa sababu kuna walimu wenzangu wameniuliza kitu kilekile, mmoja yuko Muheza mwingine Korogwe, wanataka kuanzisha darasa la kuprogramu la jioni kwa watu wazima wanaofanya kazi mchana, na swali lao la kwanza ni lilelile, nianze na mada gani, nifundishe lugha gani ya kuprogramu, Python au JavaScript, naomba silabasi yako kwa WhatsApp. Silabasi nitawatumia, haina shida. Ila silabasi sio inayobeba kipindi cha saa nne. Kinachobeba ni mpango wa kipindi chenyewe, dakika kwa dakika, na mpango huo unaanzia sehemu moja tu: watu wako wanakuja wamechoka na watazidi kuchoka kadiri usiku unavyoingia. Ukipanga kwa kufuata mada utafika saa 2 usiku unaeleza kitu kipya kigumu mbele ya watu ambao macho yako kwako lakini akili ilishaenda nyumbani kitambo, na hapo sio wao wazito, ni ratiba yako haikuwafikiria.

Sisi tunaanza saa 11 jioni tunamaliza saa 3 usiku, chumba cha ghorofani, Ngamiani, Tanga mjini. Wanaokuja ni mchanganyiko kwelikweli, yupo fundi simu, yupo kijana kamaliza form six anasubiri chuo, yupo dada anayeshika hesabu kwenye duka la jumla, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, na mama mmoja anauza vitenge na ndo katibu wa kikoba chao. Wengine wanapanda ngazi jasho linawatoka, wametoka kazini na baiskeli moja kwa moja, si unaujua mji wetu huu na baiskeli. Hawa watu wamelipa hela yao wenyewe na wameacha familia nyumbani. Mimi nalichukulia hilo kwa uzito sana, yani kipindi kikienda ovyo nakuwa nimemwibia mtu jioni yake.

Sasa saa. Kitu cha kwanza kabisa naandika kwenye karatasi ya mpango sio mada, ni Magharibi. Hapa Tanga tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta kwahiyo jua halitembei sana, mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi, mwezi wa 11 linawahi, mwezi wa 2 linachelewa. Adhana itaingia katikati ya kipindi chako upende usipende, na ukiwa umepanga kueleza jambo gumu saa 12 na nusu, nusu ya darasa itasimama kwenda msikitini na nusu iliyobaki itajua mmesimama. Afu kuna Isha nayo, saa 1 na nusu mpaka karibu saa 2 kutegemea na mwezi. Kwahiyo mimi sina saa nne. Nina vipande vitatu, kabla ya Magharibi, kati ya Magharibi na Isha, na baada ya Isha, na kila kipande kina kazi yake ambayo haihamishwi kwenda kipande kingine. Ramadhani ndo kabisa, hapo darasa la jioni nalisimamisha tunahamia Jumamosi na Jumapili asubuhi, maana mtu anataka kufuturu na watu wake na kuna tarawehe, huwezi kushindana na hilo na wala hupaswi.

Nusu saa ya kwanza sifundishi kitu kipya. Wa duka la jumla hafungi mpaka saa 11 na nusu, fundi simu kila siku kuna mteja wa mwisho, ukianza jambo jipya saa 11 kamili unamfundisha kijana wa form six peke yake afu kila anayeingia unarudia, na yule aliyewahi anaona kuwahi kwake ni hasara. Kwahiyo saa 11 kamili kwenye projekta kunakuwa na programu iliyoharibika. Ni ya kipindi kilichopita, mistari sita saba hivi, nimeiharibu kwa makusudi sehemu tatu, na makosa yenyewe siyabuni, nayachukua kwenye kazi zao wenyewe za wiki ile, nukta mbili imesahaulika, jina limeandikwa jumla juu na Jumla chini, mstari haujasogezwa ndani. Anayeingia anakaa, anafungua laptopu, anaanza kutafuta. Aliyechelewa akakuta wenzake wameshaona mawili anatafuta la tatu, hajapoteza kitu na hakuna haja ya kumsimulia. Na bila wao kujua tayari wamefanya marudio ya kipindi chote kilichopita.

Kuanzia hapo mpaka adhana ndo dakika zangu za dhahabu, ndo akili bado ipo, na hapo linaingia jambo jipya la siku. Moja. Wenzangu hapa ndo tunabishana, wananiambia saa nne nzima kitu kimoja si watu watalalamika wamelipia kidogo? Hawalalamiki. Analalamika mtu aliyetoka na daftari limejaa na hawezi kufanya chochote peke yake kesho yake.

Na hilo la kitu kimoja sio roho yangu tu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana, kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ya binadamu inashika vitu kama saba kwa mara moja, viwili zaidi au viwili pungufu, na mwaka 2001 Nelson Cowan akapitia tafiti nyingi akaona hata saba ni nyingi, ni kama vinne tu. Sasa chukua huu mstari ambao vitabu vingi vya Python vinaupa mwanafunzi siku ya kwanza ya lupu, yani kuiambia kompyuta irudie kazi ileile:

for i in range(5):

Kwako wewe mwalimu huo ni kitu kimoja, unauona na kupita. Kwa fundi simu aliyeuona leo kuna neno for, kuna variabo, yani jina linaloshika thamani, inaitwa i ambayo hakuna aliyeiumba popote lakini ipo, kuna in, kuna range ambayo ni fankisheni, yani amri iliyo tayari, ya kutoa namba zinazofuatana, kuna hilo la kuanza kuhesabu kwenye sifuri, kuna hilo kwamba tano yenyewe haifiki inaishia nne, kuna nukta mbili mwishoni, na kuna hilo la mstari unaofuata lazima usogezwe ndani. Vinane. Katika mstari mmoja, saa 12 jioni, mtu katoka kubadilisha vioo vya simu mchana kutwa. Ndo maana mimi lupu naianza bila range kabisa:

samaki = ["changu", "kibua", "tasi"]
for s in samaki:
    print(s)

Listi, hiyo orodha iliyo kwenye mabano, walishaikuta kipindi kilichopita na wameizoea, mabano yake na koma zake zimeshawatesa zikaisha. Kipya ni kwamba kompyuta inapita kwenye listi inachukua mmoja mmoja na kila anayechukuliwa anaitwa s mpaka listi iishe. Hata sifuri haijatajwa. Range inakuja jioni nyingine, na habari ya kuanzia sifuri na kuishia kabla ya namba uliyotaja naipa jioni yake yenyewe, kwa sababu ni kitu kinachosumbua watu wiki nzima na kinastahili muda. Kwahiyo kabla sijasema jambo hili ni moja, nakaa na mstari wenyewe nahesabu vilivyomo ndani, vikizidi vitatu vinne ambavyo hawajawahi kuvigusa, navunja. Kazi ya kupanga kipindi kwa kiasi kikubwa ndo hiyo hapo, kuhesabu vitu ambavyo wewe mwenyewe umeacha kuviona kwa kuzoea.

Jambo jipya sifundishi kwa slaidi. Naandika programu mbele yao kuanzia ukurasa mtupu, herufi nimekuza mpaka wa nyuma kabisa anasoma bila kukunja uso, na ninavyoandika nasema kwa sauti ninachofikiria, sasa nataka bei, bei inatoka kwa mteja, kwahiyo nitauliza. Slaidi inakwenda kasi kuliko vidole vya mtu, ukiandika mwenyewe unalazimika kwenda taratibu. Na ukikosea herufi pale mbele wanaona unavyosoma ujumbe wa kosa na kurekebisha, hicho nacho ni somo. Wao muda huo hawaandiki chochote, mikono iko mezani. Wakiandika huku naeleza hawasikii, na wakisikia wanaachwa nyuma kwenye kuandika.

Afu kabla ya adhana, dakika tano hivi, nafanya kitu ambacho kama utachukua kimoja tu kwenye maandishi haya nakuomba uchukue hiki. Nawaachia swali halijajibiwa. Chukua lile somo la kupokea kitu kutoka kwenye kibodi. Kwenye projekta naweka hivi:

bei = input("Bei ya kilo moja: ")
print(bei * 3)

Nasema nitaandika 5000, bei ya kilo moja ya samaki, kilo tatu, kila mtu aandike kwenye karatasi kompyuta itajibu nini, aweke na jina lake, akunje. Sibonyezi. Adhana inaingia, wa kuswali wanakwenda, wengine wanashuka chini kwa mama wa chai, chai ya maziwa na kachori na mihogo ya kukaanga, na huko chini ndo darasa linaendelea bila mimi, maana yupo mmoja ameshahisi kwamba mwalimu hawezi kuuliza kitu rahisi hivo bila sababu. Wanarudi wanabishana. Hapo ndo nabonyeza, na jibu linatoka 500050005000.

Karibu wote wanakuwa wameandika 15000. Mara ya mwisho nilivyolifundisha hili chumba kililipuka, mzee wa bandarini akasema huyo samaki basi ana lulu tumboni, na mwalimu wa fizikia akanyamaza kama sekunde kumi hivi anaangalia namba, afu akasema taratibu, "Haijazidisha. Imeandika mara tatu." Sikuwa na cha kuongeza. Kinachotoka kwenye kibodi kupitia input() kinaingia kama maandishi hata kiwe tarakimu tupu, na maandishi ukiyazidisha kwa 3 Python inayarudia mara 3, ndo kazi yake. Ukizungushia int() maandishi yanageuzwa namba kamili, jibu linakuwa 15000. Ningelieleza hilo kwa maneno kabla hawajaona, wangeandika kwenye daftari na kusahau. Sasa hivi darasani mtu akisahau int() jirani yake anamwambia "samaki wako ana lulu", na hawasahau.

Tangu warudi Magharibi mpaka Isha ni muda wa vidole. Hapa mimi siongei mbele zaidi ya dakika mbili tatu. Wanaandika wenyewe ile programu waliyoniona naiandika, hakuna kunakili kutoka kwenye flashi, kila mtu na vidole vyake, halafu wanaibadilisha kwa hatua ndogo ambazo nimeziandika tayari kwenye ubao. Fanya kilo nazo ziulizwe badala ya kuwa 3 daima. Ongeza nauli ya bodaboda. Toa punguzo kwa anayenunua zaidi ya kilo kumi, hii ni kwa wanaokimbia tu, wanajua if, amri ya kuweka sharti. Hatua ya kwanza tu inatosha kuwakutanisha na ukuta, kwa sababu wengi watauliza bei na kilo zote kwa input() bila int(), na Python itagoma kabisa safari hii, TypeError, maandishi hayazidishwi kwa maandishi. Nilijua watagonga hapo, nimewapangia wagonge hapo wakati nipo.

Kuhusu ujumbe wa makosa, huo ni utaratibu unaotakiwa kupangwa kama mada nyingine. Mtu mzima akiona mistari myekundu ya Kiingereza anafunga laptopu nusu, nimeona mara nyingi, anasema "mwalimu, hii imenikatalia" na anasogeza kiti nyuma. Tunasoma kutoka chini kwenda juu. Mstari wa mwisho ndo unataja aina ya kosa, juu yake kidogo kuna namba ya mstari, nenda kwenye mstari huo, kama upo sawa angalia na ule wa juu yake. Ukutani tuna manila kubwa, NameError jina hilo halipo angalia herufi moja moja, TypeError umechanganya maandishi na namba, ValueError umeambiwa ugeuze kuwa namba kitu ambacho sio namba, IndentationError angalia nafasi mwanzo wa mstari. Mama wa kikoba siku moja aliandika "elfu tano" pale palipotakiwa 5000, akapata ValueError, akageuka akaangalia manila, akarudi akaandika tarakimu, hakuniita. Mimi nilikuwa namtazama tu toka kona ya pili. Kwa mwalimu hiyo ni furaha kubwa, siwezi kuificha.

Kuitwa nako kuna utaratibu. Darasa la watu wazima lina aibu, mtu na heshima zake hataki kunyoosha mkono mbele ya watoto wa form six kusema kimenishinda. Kwenye warsha za Software Carpentry, hao wanafundisha watafiti kuprogramu tangu mwaka 1998, wana mtindo wa vikaratasi vya rangi mbili juu ya laptopu, rangi moja niko sawa, nyingine nahitaji msaada. Sisi tunatumia vifuniko vya soda. Chekundu juu ya laptopu, nakuja. Huku mikono ikiendelea kufanya kazi, hakuna anayekaa kanyoosha mkono dakika tano. Na ukisimama mbele unavihesabu, vyekundu vikiwa vingi kuliko watu wanaosonga unasimamisha wote mnarudi kwenye projekta, kikiwa kimoja unakwenda kwa mwenyewe.

Sheria nyingine ndogo ila nashikilia kwelikweli: hakuna kugusa kibodi ya mwenzako. Hata mimi sigusi. Kijana wa form six mkarimu sana, ana haraka ya kusaidia, anainama anaandika kwa sekunde tatu, tatizo limekwisha na mzee hajajua lilikuwa nini. Nikamwambia mdogo wangu, weka mikono mfukoni, msaidie kwa mdomo. Sasa hivi anaelekeza vizuri kuliko mimi, "babu soma tena mstari wa tatu, hilo bano lilifungwa wapi?"

Baada ya Isha hakuna kitu kipya. Nasema tena kwa sababu ndo kishawishi kikubwa, unaona saa moja nzima imebaki na mada inayofuata ni fupi tu, unasema ngoja tuigusie. Usiiguse. Saa hii ni ya kazi ya wawili wawili, laptopu moja, mmoja anaandika mwingine anasema na kuangalia, wanabadilishana kila baada ya dakika kumi na tano, mimi nashika saa. Mtu aliyechoka akiwa peke yake anasinzia, akiwa na mwenzake wa kuongea naye anaamka, na wawili waliochoka kwa pamoja wanaona makosa ambayo mmoja asingeyaona. Wawili wawili nawapanga mimi, siwaachi wajipange, na simweki anayekimbia sana na anayejivuta sana, anayekimbia atashika usukani mpaka saa 3. Naweka jirani na jirani.

Kazi yenyewe ni ya kwao. Hapa ndo nimeona tofauti kubwa kuliko sehemu yoyote. Mifano ya vitabuni ya kukokotoa eneo la duara haimshiki mtu saa 2 na nusu usiku. Mama wa kikoba anatengeneza daftari la hisa, kila mwanachama jina lake na hisa alizonunua wiki hii, ameanza na listi mbili, moja ya majina moja ya hisa, akahangaika sana kuzilinganisha, mtu akiondolewa kwenye hii anabaki kwenye ile. Nilimwacha ahangaike nazo kwa makusudi, vipindi kadhaa, kwa hiyo ilipofika jioni ya dikshonari, jina linashika hisa zake moja kwa moja, hisa["Mwanaidi"] = 4, aliishika kabla sijamaliza sentensi, maana alikuwa na shida inayosubiri jibu. Fundi simu anaandika programu ya vipuri, dada wa duka anahesabu mzigo unaobaki. Kwenye mpango wangu kila mada mpya ina mstari pembeni, nani anaihitaji tayari. Kama hakuna hata mmoja anayeihitaji naisogeza mbele.

Sasa umeme. Ukikatika saa 1 usiku unafanya nini? Hili lazima liwe kwenye karatasi kabla, sio la kuanza kufikiria gizani huku watu wanawasha tochi za simu. Laptopu nyingi za wanafunzi ni za mkono wa pili, betri inashika kidogo sana. Mimi nina bahasha. Ndani kuna programu zilizochapishwa na kukatwa vipande, kila mstari kipande chake, zimechanganywa, na kazi ni kuzipanga mezani mpaka ziwe programu sahihi. Mbinu hii waliiandika Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand mwaka 2006, wao walikuwa wanaifanya kwenye kompyuta, mimi nimeileta kwenye karatasi na taa ya chaji. Kwa Python inafaa ajabu kwa sababu kipande sio tu kiwe juu au chini, lazima pia ukisogeze ndani au ukiache ukingoni, na watu wanabishana hapo kwa vidole, hiki kiko ndani ya lupu au nje? Ukikiweka print(jumla) ndani kitaandika kila mzunguko, ukikiweka nje kitaandika mara moja mwisho. Nikuambie ukweli, hiyo tofauti watu wangu wengi wameielewa kwenye karatasi, sio kwenye skrini. Siku hizi bahasha naitoa hata umeme ukiwepo, kati ya Magharibi na Isha, dakika ishirini za kusogeza vipande kabla ya kugusa kibodi, na macho yanapumzika na mwanga.

Vifaa sitaki kuviongelea sana. Tunatumia Thonny, programu ya kuandikia Python, imetengenezwa chuo kikuu cha Tartu kule Estonia kwa ajili ya wanaoanza, inakuja na Python yake ndani, inawekwa kwa flashi bila kula bando la mtu, inafanya kazi bila intaneti na inaweza kukuonyesha programu ikitembea hatua kwa hatua na variabo zikibadilika pembeni. Ambaye hana laptopu anakaa na mwenzake au anatumia Pydroid, ya kazi hiyohiyo kwenye simu, sio raha kuandika ila inafanya kazi. Nunua ekstensheni ndefu, mbili, na uzipitishe ukutani sio katikati ya viti.

Karatasi ya mpango yenyewe inakaaje. Juu kabisa sentensi moja, na sio "lupu", ni kitu mtu anachoondoka nacho, kwa mfano saa 3 kila mtu awe na programu inayopokea bei na kilo na kutoa jumla, na ameiendesha mwenyewe. Naanzia hapo narudi nyuma, ili awe na hiyo saa 3 lazima saa 2 awe ameshafanya nini, ili saa 2 awe hapo lazima kabla ya adhana awe ameona nini. Halafu kushoto saa, katikati wao wanafanya nini, sio mimi nafanya nini, wao. Ukiona safu ya katikati imeandikwa wanasikiliza, wanasikiliza, wanasikiliza, hicho kipindi kichane. Na kulia kuna safu ya kukata, mvua ikinyesha wakachelewa nakata hiki, wakikwama nakata kile, imeamuliwa mchana nikiwa na akili tulivu, maana saa 2 usiku na mimi nimechoka, mwalimu aliyechoka akiachiwa aamue atakata mazoezi abaki na maelezo, wakati inatakiwa kinyume chake.

Robo saa ya mwisho haikatwi kwa lolote. Saa 2 na dakika 45 kalamu chini, hata kama kuna mtu amebakiza mstari mmoja. Kila mtu anahifadhi kazi yake, jina la faili lina tarehe, nakala moja kwenye flashi yake. Programu ambayo haiendeshiki tunaikata mpaka ibaki sehemu inayoendeshika, mtu asiondoke na kitu kilichovunjika kichwani, akifungua nyumbani iwake. Halafu wanaandika kwenye kikaratasi jambo moja ambalo bado linawasumbua, hawaweki majina, wanadumbukiza kwenye kopo pale mlangoni. Kesho yake mchana ndo nayasoma, na hapo ndo natoa makosa matatu ya programu iliyoharibika ya kufungulia kipindi kinachofuata.

Mazoezi ya nyumbani sitoi, wenzangu wa Muheza na Korogwe najua mtaliuliza. Mtu anashuka ngazi saa 3 usiku atafute bajaji au daladala ya Pongwe ambazo saa hiyo zimeshaanza kuwa za kubahatisha, alfajiri yuko kazini tena. Nawaomba kitu kimoja tu, wampe mtu mmoja wa nyumbani aitumie programu yao, mke, mume, mtoto, wao wakae pembeni bila kumwelekeza, na waone anakwama wapi. Mama wa kikoba alimpa mwenyekiti wao, na mwenyekiti akaandika hisa kwa maneno, "nne". Kipindi kilichofuata alikuja saa 11 kasoro, akaniambia, "Mwalimu, leo nifundishe jinsi ya kumkatalia mtu kwa adabu," na sasa try na except, amri za kudaka kosa kabla halijasimamisha programu, zipo kwenye karatasi ya Jumanne.